China, Hamsta, Ovari: Historia ya Seli Zilizogeuka Viwanda vya Dawa

Herufi tatu, CHO, zimeandikwa kwenye vichupa vilivyogandishwa katika maabara nyingi za baiolojia hapa Marekani. Kwa bahati nzuri herufi hizo zinakubali Kiswahili bila kulazimishwa: C ni China, H ni hamsta, O ni ovari. Ni seli zilizotokana na ovari ya hamsta mmoja wa Kichina, mnyama mdogo wa jamii ya panya, na zimekuwa zikigawanyika nje ya mwili tangu mwaka 1957. Hamsta mwenyewe alikufa zamani. Seli zake hazijafa, na ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya dawa za protini zinazouzwa duniani leo: dawa za saratani ya matiti, za baridi yabisi, za watu wanaosafishwa figo, na za watoto ambao damu yao haigandi.

Sisi tunaosoma sayansi hufundishwa habari hii kama mfululizo wa mbinu za maabara. Wenzetu wa biashara huifundishwa kama hadithi ya kampuni zilizotajirika. Katika makala hii nataka kuisimulia kama historia, yaani kuuliza nani alimpa nani nini, lini, na kwa bei gani. Hoja yangu ni kwamba kwa takriban miaka 60 ya mwanzo maarifa haya yalijengwa na watu waliopeana vitu: wanyama, mkojo, seli, mbinu. Kisha yakawa mali. Tukilijua hilo tutaweza kuuliza swali la leo kwa uwazi zaidi: dawa hizi ni za nani?

HAMSTA WA BEIJING

Hamsta wa Kichina hakuanza kama mnyama wa maabara. Alikuwa mnyama wa porini na mashambani kaskazini mwa China. Mwaka 1919 daktari mmoja aitwaye Hsieh, aliyefanya kazi Beijing, alihitaji panya wa maabara kwa ajili ya kutofautisha aina za bakteria wa nimonia. Panya walikuwa adimu, akatumia hamsta. Asiye na mwana na aeleke jiwe.

Miaka michache baadaye, mwaka 1924, watafiti huko huko Beijing waliona kwamba hamsta huyu huambukizwa kwa urahisi vimelea vya kala-azar. Wasomaji wenye asili ya Baringo, Pokot Magharibi au Turkana hawahitaji kamusi kuujua ugonjwa huu unaoenezwa na usubi: homa isiyoisha, wengu uliovimba, mwili unaokonda, na kifo kwa asiyetibiwa. Kwa hiyo mnyama ambaye leo tunamhusisha na viwanda vya mabilioni ya dola aliingia katika sayansi kupitia ugonjwa wa watu maskini wa vijijini. Jambo hili halitajwi sana kwenye vitabu vya kiada.

Tatizo la hamsta huyo lilikuwa tabia yake. Ni mkali, hugombana na wenzake, na kwa miaka mingi hakuna aliyefanikiwa kumzalisha vizuri ndani ya kizimba. Watafiti walitegemea wale waliokamatwa porini. Mwishoni mwa 1948, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinakaribia mwisho na jeshi la Kikomunisti likisonga mbele, Mmarekani aitwaye Robert Watson alipewa hamsta 20 na daktari wa Kichina aitwaye Hu: madume 10 na majike 10. Watson aliwapakia ndani ya kreti, akafika nao Shanghai, akaondoka nao kwa ndege kuelekea Marekani kabla njia haijafungwa.

Watson alipata hamsta wake. Aliyelipa gharama ni Daktari Hu. Inasimuliwa kwamba baadaye serikali mpya ilimshutumu kwa kuwapa Wamarekani wanyama hao, ikidaiwa kwamba alisaidia mpango wao wa silaha za vijidudu, na kwamba alizuiliwa kwa miezi 6. Jina lake haliandikwi kwenye chupa yoyote ya dawa.

Huko Marekani hamsta wale walifika kwa Victor Schwentker, mfugaji wa wanyama wa maabara katika jimbo la New York. Yeye ndiye aliyefanikiwa kuwazalisha na kuwagawa kwa watafiti. Mmoja wa waliowapokea alikuwa George Yerganian wa Boston, mtaalamu wa jenetiki aliyevutiwa na jambo moja: kromosomu za hamsta huyu ni chache na kubwa. Binadamu ana kromosomu 46, namba ambayo yenyewe ilithibitishwa mwaka 1956 tu. Hamsta wa Kichina ana 22. Kwa mtu anayezihesabu kwa darubini, hiyo ni neema.

DENVER, 1957

Sasa tuhamie Denver, Colorado. Huko alikuwako Theodore Puck, mwanasayansi aliyetaka kuzichunguza seli za mamalia kwa namna ile ile ambayo wenzake walizichunguza bakteria: chukua seli moja, iache igawanyike hadi iwe kundi, kisha linganisha makundi. Mwaka 1955 yeye na Philip Marcus walionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Seli walizotumia zilikuwa za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi aliyetibiwa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Yeye hakuombwa ruhusa, na familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua kwamba seli zake zinasambazwa duniani. Ninamtaja hapa kwa sababu historia ya CHO haianzi kwenye ukurasa safi. Ujuzi wa kukuza seli moja moja ulijifunziwa kwenye seli za mtu ambaye hakuulizwa.

Lakini seli za HeLa ni za saratani, na kromosomu zake zimevurugika. Puck alitaka seli za kawaida zenye kromosomu chache. Mwaka 1957 alimwomba Yerganian hamsta, akatumiwa jike mmoja. Kutokana na ovari yake zilipatikana seli zilizokubali kukua kwenye kisahani cha kioo bila kuchoka. Mwaka 1958 Puck na wenzake walichapisha matokeo. Seli hizo zilikuwa imara, ziligawanyika haraka, zilishika vizuri kwenye kioo, na zilikuwa na upungufu mmoja wa ajabu: haziwezi kujitengenezea asidi ya amino iitwayo prolini, hivyo lazima ziongezewe kwenye chakula chao.

Upungufu huo ulimfungulia Puck mlango. Kama seli ina jambo isiloweza kulifanya, unaweza kutafuta nyingine zenye mapungufu mengine na kujua jeni gani inafanya kazi gani. Katika miaka ya 1960 yeye na Fa-Ten Kao walizalisha seli za CHO zenye mapungufu ya kila namna. Puck hakuwa akiwaza dawa. Alikuwa akiwaza jenetiki, na pia madhara ya mionzi, suala lililoutia dunia hofu baada ya Hiroshima. Seli zake zilisambaa kutoka maabara hadi maabara, Toronto, New York na kwingineko, kwa desturi ya watafiti wa wakati ule: ukiomba, unapewa.

BAKTERIA WALIPOSHINDWA

Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Wagonjwa wa kisukari waliacha polepole kutegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe. Wengi waliamini kwamba sasa kila protini ya mwili itatengenezwa hivyo.

Haikuwa hivyo. Insulini ni protini ndogo. Protini nyingi za mwili ni kubwa, zinakunjwa kwa namna ya pekee, na juu yake hupachikwa minyororo ya sukari. Sukari hizo si mapambo. Ndizo zinazoamua protini itakaa muda gani kwenye damu kabla ya ini kuiondoa, na itatambuliwa vipi na seli nyingine. Bakteria wa kawaida wa maabara hawana vifaa vya kuzipachika. Ni kama mpishi anayeweza kuchemsha mchele ukaiva vizuri, lakini ukimwagiza pilau hajui viungo vinaingia saa ngapi. Seli ya mamalia inajua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku.

Kwa nini basi wasitumie seli za binadamu moja kwa moja? Kwanza, seli isiyokufa inafanana mno na seli ya saratani, na wasimamizi wa dawa waliogopa kwamba kitu fulani kutoka kwayo kingeweza kumwingia mgonjwa. Hofu hiyo ilianza kupungua pale kikundi cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kilipokutana mwaka 1986 na kukubali kwamba seli za aina hiyo zinaweza kutumika, mradi dawa isafishwe na kupimwa ipasavyo. Pili, virusi vingi vinavyomdhuru binadamu havizaliani vizuri ndani ya seli za hamsta. Umbali kati yetu na mnyama huyo umekuwa kinga. Tatu, watu walikuwa wamezizoea. Miaka 20 ya majaribio ya Puck na wenzake ilikuwa imezifanya CHO kuwa miongoni mwa seli za mamalia zinazojulikana vizuri kuliko zote.

NJAA KAMA CHOMBO CHA KAZI

Hatua iliyozigeuza CHO kuwa viwanda ilifanyika katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1980 Gail Urlaub na Lawrence Chasin walitangaza kwamba wamepata seli za CHO zisizo na kimeng'enya kiitwacho DHFR. Kimeng'enya hiki huisaidia seli kutengeneza malighafi za DNA. Seli isiyo nacho huishi tu kama utaiwekea malighafi hizo kwenye chakula. Ukiziondoa, inakufa njaa. Mwaka 1983 walitoa aina nyingine, ambayo nakala zote mbili za jeni hiyo zilikuwa zimeondolewa kabisa kwa kutumia miale ya gama. Aina hiyo inaitwa DG44 na inatumika hadi leo.

Seli mgonjwa kama hii ina faida gani? Fikiria unataka seli itengeneze protini ya dawa. Unaandaa kipande cha DNA chenye jeni ya dawa, na unaambatanisha nacho jeni ya DHFR. Unavimwaga juu ya mamilioni ya seli. Ni chache mno zitakazovipokea, na kwa macho huwezi kuzijua. Basi unaondoa ile lishe ya ziada. Seli zote ambazo hazikupokea jeni zinakufa. Zilizobaki zimepata DHFR, na kwa kuwa jeni hizo mbili ziliingia pamoja, zimepata na jeni ya dawa. Njaa imekufanyia palizi.

Hatua ya pili ni ya werevu zaidi. Mwaka 1978, huko Stanford, Robert Schimke na wenzake walikuwa wakichunguza kwa nini seli za saratani huizoea dawa ya methotrekseti, ambayo hukiziba kimeng'enya cha DHFR. Waligundua kwamba seli sugu hazikuwa na jeni tofauti. Zilikuwa na jeni ile ile katika nakala nyingi sana. Seli ilikuwa imejinakilia jeni hiyo tena na tena ili kuishinda sumu. Kwa daktari wa saratani hiyo ilikuwa habari mbaya. Kwa mtu anayetaka protini nyingi ilikuwa zawadi. Ukiiongeza methotrekseti kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, zinazosalimika ni zile zilizozidisha nakala za DHFR, na jeni ya dawa iliyo jirani yake inazidishwa pamoja nayo. Mwaka 1982 Randal Kaufman na Phillip Sharp walionyesha kwamba njia hii inafanya kazi katika seli za CHO. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijaa kweli.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Mtu mmoja alitaka kujua jeni zinafanya kazi vipi, mwingine alitaka kujua kwa nini saratani inakaidi dawa. Hakuna kati yao aliyekuwa akijenga kiwanda. Kiwanda kilitokea pale kazi zao zilipokutana.

MOYO, FIGO, DAMU

Dawa ya kwanza ya protini kutoka seli za mamalia zilizopandikizwa jeni iliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 1987. Ni Activase ya kampuni ya Genentech, inayoyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa wa moyo. Protini yenyewe ilikuwa imechunguzwa na Désiré Collen huko Leuven, Ubelgiji, na jeni yake ikanakiliwa na kundi la Diane Pennica katika kampuni hiyo. Dozi moja iliuzwa takriban dola 2,200, bei iliyowashtua madaktari wa wakati ule.

Ya pili ni erithropoietini, homoni ya figo inayouambia uboho utengeneze seli nyekundu za damu. Figo zikifa, homoni hiyo hupungua, na mgonjwa hubaki bila nguvu hata kama damu yake inasafishwa mara tatu kwa wiki. Katika klabu yetu wapo wenye mjomba au bibi anayechomwa sindano hii. Historia yake inastahili kusimuliwa nyumbani. Eugene Goldwasser wa Chuo Kikuu cha Chicago aliitafuta homoni hiyo kwa takriban miaka 20. Hatimaye daktari wa Kijapani, Takaji Miyake wa Kumamoto, alimletea mkojo uliokaushwa, uliokusanywa kutoka kwa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kufanya kazi, na ambao miili yao ilikuwa ikimwaga homoni hiyo kwa wingi. Ulikuwa ni lita 2,550 kabla ya kukaushwa. Mwaka 1977 walitangaza kwamba wameipata homoni safi, miligramu chache tu. Goldwasser hakuwa na hataza juu yake. Baadaye alishirikiana na kampuni changa iitwayo Amgen. Huko Fu-Kuen Lin, mwanasayansi aliyetoka Taiwan, aliinasa jeni mwaka 1983, ikaingizwa katika seli za CHO, na mwaka 1989 dawa ikaidhinishwa. Ikawa moja ya dawa zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote. Pia ikawa jina baya michezoni: wanariadha wa mbio ndefu na wa baiskeli, wakiwemo wa Kenya, wamefungiwa kwa kuitumia.

Ya tatu ni protini ya kugandisha damu kwa wenye himofilia. Kabla yake, protini hiyo ilichujwa kutoka damu ya maelfu ya wachangiaji iliyochanganywa pamoja. Ukimwi ulipoingia, mchanganyiko huo ulikuwa mauti: hapa Marekani karibu nusu ya wenye himofilia waliambukizwa. Mwaka 1992 iliidhinishwa protini iliyotengenezwa na seli za CHO, isiyotegemea mshipa wa mtu mwingine. Kwa familia zilizokuwa zimeshazika watoto, hamsta alikuwa amechelewa. Kwa waliozaliwa baadaye, aliwahi.

Kutoka hapo milango ilifunguka. Kingamwili ya rituksimabu iliidhinishwa mwaka 1997, na trastuzumabu, inayojulikana kama Herceptin, mwaka 1998 kwa saratani ya matiti ya aina fulani. Zote ni kazi ya CHO.

KUIHARIRI SELI YENYEWE

Hadi hapo wataalamu walikuwa wakiiongezea seli jeni ya dawa na kuiacha ifanye kazi kwa desturi yake. Kuanzia miaka ya 2000 walianza kubadilisha desturi zenyewe. Mfano bora unatoka Japani. Kingamwili ikishika seli ya saratani huziita seli za kinga zije kuiua. Watafiti walikuwa wamegundua kwamba sukari moja ndogo, fukosi, ikiondolewa kwenye kingamwili, wito huo unakuwa na nguvu mara nyingi zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa kampuni ya Kyowa Hakko walitangaza seli za CHO ambazo nakala zote mbili za jeni ya FUT8, inayopachika fukosi, zimevunjwa. Kuipata seli hiyo kwa mbinu za wakati ule ilikuwa kazi ya subira, kupepeta seli nyingi mno hadi kupata ile moja. Mwaka 2012 Japani iliidhinisha dawa iliyotokana nayo, mogamulizumabu, kwa ajili ya saratani ya damu inayosababishwa na kirusi kilichoenea zaidi kusini-magharibi mwa nchi hiyo.

Baada ya hapo kasi iliongezeka. Mwaka 2008 mikasi ya protini iliyobuniwa kukata mahali maalumu kwenye DNA ilitumika kuvunja jeni ya DHFR katika CHO, kazi ambayo Urlaub na Chasin waliifanya kwa kemikali, mionzi na bahati. Mwaka 2011 jenomu ya seli za CHO-K1 ilichapishwa, ramani yake ikapatikana. Mwaka 2014 CRISPR ikaanza kutumika ndani yake. Leo wahandisi wa seli huzizuia zisijiue mapema zinapochoka, huziondolea jeni zinazoharibu protini, na huchagua mahali hasa pa kupachika jeni ya dawa badala ya kuiacha iangukie popote.

Matokeo yanapimika. Katikati ya miaka ya 1980 lita moja ya seli ilitoa takriban miligramu 50 za protini. Kufikia mwaka 2004 kulikuwa na taarifa za karibu gramu 5 kwa lita, ongezeko la takriban mara 100. Seli zilizoboreshwa ni sehemu ya sababu. Chakula bora cha seli, na matangi ya chuma ya maelfu ya lita yanayodhibitiwa saa 24, ni sehemu nyingine.

Lakini kutegemea aina moja ya seli kuna hatari yake, kama shamba la zao moja. Mwaka 2009 kirusi kiliingia kwenye matangi ya kiwanda cha Genzyme huko Allston, Boston. Kirusi hicho hakikujulikana kuwadhuru binadamu, ila kilizidhoofisha seli. Kiwanda kilisimama. Wagonjwa wa magonjwa mawili adimu, Gaucher na Fabry, waliotegemea dawa za kiwanda hicho, walipunguziwa dozi au kukosa kabisa kwa miezi mingi. Hamsta aliyewaokoa wagonjwa wa Gaucher wasitegemee maelfu ya makondo ya nyuma, ambayo ndiyo yaliyokuwa chanzo cha dawa yao ya awali, aliwaonyesha pia udhaifu wa kuwa na mlango mmoja.

MALI YA NANI?

Nilisema mwanzoni kwamba historia hii ilianza kama kupeana. Lini iligeuka? Mwaka wa kutajwa ni 1983, ambapo Chuo Kikuu cha Columbia kilipata hataza ya mbinu ya kuingiza jeni mbili kwa pamoja ndani ya seli za mamalia, kutokana na kazi ya Richard Axel na wenzake. Utafiti huo ulikuwa umegharimiwa na fedha za umma. Hadi mwaka 2000 hataza ilipokwisha muda, kampuni zilizotengeneza dawa kwa CHO zililipa chuo hicho mamia ya mamilioni ya dola. Gharama hiyo, kama gharama nyingine, hatimaye humfikia mgonjwa.

Sidai kwamba kampuni hazikufanya kazi. Kutoka kichupa cha maabara hadi tangi la lita 10,000 ni safari ndefu, na fedha zilizotumika ni nyingi. Ila ni haki kuuliza: kama mavuno kwa lita yameongezeka mara 100 hivi, bei za dawa zimeshuka mara 100? Hapana. Trastuzumabu iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, miaka 17 baada ya kuidhinishwa Marekani. Mfano wake wa bei nafuu ulithibitishwa na shirika hilo Desemba 2019. Katika miaka hiyo wanawake wenye saratani ile ile, Nairobi na Dar es Salaam, walikuwa wakiambiwa dawa ipo, ila si kwao. Seli hazikuwa kikwazo. Zilikuwa tayari.

Ndiyo maana naufuatilia kwa makini utafiti mmoja unaoendelea sasa. Kuna kingamwili iitwayo L9LS inayomzuia kimelea cha malaria kabla hajaingia kwenye ini. Mali ilijaribiwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 10, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba sindano moja ya miligramu 300 iliwakinga kwa asilimia 70 dhidi ya maambukizi katika miezi 6 ya msimu wa malaria. Majaribio mengine yamefanyika Siaya, magharibi mwa Kenya, mahali ambapo malaria haina msimu wa kupumzika.

Hapa hesabu ya gramu kwa lita inaacha kuwa jambo la wahandisi peke yao. Seli zinazotoa gramu 5 kwa lita zinaweza kutoa dozi 16 hivi za miligramu 300 katika kila lita, kabla ya kuhesabu kinachopotea wakati wa kusafisha. Zikiboreshwa zikatoa gramu 10, dozi zinakuwa mara mbili kwa tangi lile lile. Kwa dawa ya saratani inayouzwa kwa maelfu ya dola, tofauti hiyo ni faida. Kwa sindano ya malaria, ambayo lazima iwe ya dola chache ili serikali imudu kuwapa watoto wote wa kaunti nzima, tofauti hiyo ni kuwepo au kutokuwepo.

Wapo kati yetu watakaohitimu na kuajiriwa katika viwanda hivi, Boston, San Francisco, au Uswisi. Watafundishwa namna ya kuongeza mavuno, na watafanya vizuri. Waijue pia njia iliyopitiwa na seli watakazozishika: daktari aliyezuiliwa kwa kutoa hamsta 20, mama wa Baltimore ambaye hakuombwa ruhusa, wagonjwa wa Kumamoto waliokusanyiwa mkojo lita kwa lita. Wote hao walitoa, kwa kujua au bila kujua. Seli iliyojengwa kwa vya watu wengi hivyo ina deni, na deni hilo bado halijalipwa Siaya wala Baringo.